Kompyuta Niliyoitia Chumvi

Jana mmoja wenu vijana, sitamtaja, mwenyewe anajijua na kofia yake iliyogeuzwa nyuma, aliniletea laptopu nyembamba kama chapati ya mtu bahili. Ilikuwa imemwagikiwa chai. Akaniambia, "Bashikulu, mufungue kidogo tu, muone." Bashikulu ni babu, na hapa Nchelenge, Zambia, ukishaota mvi mbili unakuwa babu wa kila mtu, hata wa watu usiowapenda. Nikaigeuza juu chini. Hakuna skrubu hata moja. Betri imegandishwa ndani, kibodi imegandishwa, mashine nzima imefungwa kwa gundi kama bahasha ya barua ya mapenzi. Nikamrudishia na pole zangu. Naye, badala ya kuhuzunika, akanyoosha kidole kwenye rafu yangu ya laptopu za zamani. "Na haya matofali munayaweka ya nini, bashikulu? Munataka kujenga choo?"

Nilimfukuza. Halafu nikakaa nikafikiri kwamba swali lake, ukiondoa choo, lilikuwa swali la haki. Ndiyo maana nawaandikia. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu baba yangu alikuwa mtu wa ng'ambo ya ziwa, Kongo, na kwa sababu Kibemba changu nimekiweka akiba ya kutukania.

Nilianza na redio, nikaishia kwenye laptopu, na miaka yangu yote ya kazi ilipita kwenye kibanda kimoja Kashikishi, kati ya vichanja vya kukaushia samaki na kanisa. Nimestaafu kwa sababu ya macho, si kwa sababu ya hekima.

Laptopu za miaka ya tisini zilikuwa nzito, ndiyo. Ukiiweka mapajani dakika ishirini, miguu inakufa ganzi. Lakini kifuniko kilikuwa na lachi ya kufungia, unasukuma kwa vidole gumba viwili, inasema tak, na moyo wako unajua kazi imeanza. Pembeni kulikuwa na droo: droo ya betri, droo ya flopi, droo ya diski. Ilikuwa kabati, si kompyuta. Kibodi ilishikwa na skrubu mbili tu, unaitoa nzima unaipiga makofi mgongoni, makombo ya mwaka mzima yanamwagika. Aliyeichora alikubali kwamba wewe ni binadamu, kwamba utamwaga chai, kwamba mtoto ataikojolea na panya ataingia kuzaa. Na panya alizaa kweli, watoto watano, ndani ya mashine ya ofisi moja nisiyoitaja, na mashine iliendelea kufanya kazi. Wale wa ofisi sijui.

Halafu kulikuwa na zile zenye gololi. Badala ya hii sahani ya kupapasa mnayoipapasa ninyi, katikati palikaa gololi ya plastiki, unaizungusha kwa kidole na mshale unatembea. Mkuu mmoja wa shule alikuja analia, wanafunzi wameing'oa gololi wakaichezea, imepotea. Mimi, kwa kiherehere changu, nikatafuta tunda la masuku, changa, gumu, la ukubwa uleule. Nikalisugua, nikalitia. Likazunguka vizuri kabisa! Nikajisifu Kashikishi nzima siku tatu. Siku ya nne masuku likaiva. Mkuu wa shule alirudi na mashine ndani ya mfuko wa plastiki, na nyuki wawili wakimfuata, na tangu siku hiyo alikuwa akinisalimia kwa kichwa tu.

Aliyenifundisha kazi, Ba Katongo, fundi wa redio, alikuwa na sheria moja. Kabla ya kufungua kitu, chora umbo lake kwenye kipande cha boksi, na kila skrubu unayoitoa uichomeke palepale ilipotoka. Ukimaliza kufunga na boksi bado lina skrubu, anakupiga kofi la kisogo, halafu mnaanza upya. Nilipigwa sana. Mpaka leo nikiona skrubu imelala mezani peke yake, kisogo kinawasha.

Sasa hii ya chumvi. Mmeisikia imepotoshwa na wavuvi, eti nilikaanga kompyuta ya watu. Uongo. Niliitia chumvi tu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, vita vya ng'ambo vilipokuwa vikisukuma watu kuvuka ziwa. Walifika kwa mitumbwi na maboti, mwingine na godoro, mwingine na mbuzi, mwingine na kiatu kimoja. Familia iliyogawanyika kwenye boti mbili ilishukia sehemu mbili, na ufuo wa Ziwa Mweru ni mrefu. Wasio na mwenyeji walikuwa wakisubiri malori ya kuwapeleka kambini, mbali na ziwa. Ukishapandishwa lori, na mtu wako amebaki pwani bila kujua, kupatana kwenu ni kwa rehema za Mungu.

Hapo bandarini Kashikishi alikaa Mwalimu Ilunga, naye kavuka kama wengine. Aliketi juu ya kreti ya bia, akimuuliza kila anayefika mambo manne: jina lako, umetoka wapi, unalala wapi, unamtafuta nani. Hakuna aliyemtuma. Mwanzoni aliandika kwenye daftari, mpaka siku moja alipokwenda kujisaidia, akarudi akakuta mama muuza vitumbua amechana nusu ya kurasa za kufungia. Mtu mmoja alimpata shemeji yake kwa njia hiyo, amemaliza kitumbua cha pili akaona jina kwenye mafuta. Lakini hatungeweza kuwategemea walafi kila siku. Mwalimu akahamia kwenye laptopu yake, tofali jeusi lililotoka ofisi moja ya Lubumbashi, na umeme wake ulitoka kwenye betri ya gari aliyoisukuma kwa toroli.

Jumanne moja alimfikia mama mmoja, Mama Kibwe, mkaushaji wa samaki kutoka upande wa Pweto. Mwili mdogo, sauti ya lori. Wavuvi walisema huyo akiita wateja kule Kongo, wanaitika watu wa Zambia. Alikuwa na siku nne hapo Kashikishi akimtafuta binti yake, Furaha, wa miaka kumi na saba. Walitenganishwa kwenye msukumano wa kupanda boti. Na yeye mwenyewe hakuwa na mwenyeji, jina lake lilikuwa kwenye orodha ya lori la Jumamosi.

"Furaha?" Mwalimu akasema. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimekuja kumwangalizia waya. "Niliandika ba-Furaha batatu, mama. Moya alikuwa anatafuta mama yake. Ikala kwanza, tuone." Akamwonyesha pa kukaa.

"Eko wapi? Sema kwenye eko!"

"Sikumbuke, mama. Niliandika batu mingi. Mashine njo inajua."

Akafungua kifuniko. Tak. Na wakati huohuo mvuvi mmoja, mtu mzima mwenye akili zake, akapita nyuma yetu akiburuta wavu, na wavu ukanasa waya wa betri. Waya ukaenda. Kompyuta ikafuata waya. Mwalimu akafuata kompyuta, na viatu vyake. Maji yalikuwa ya magotini na akaitoa kabla hujamaliza kusema Baba Yetu, lakini laptopu haihitaji Baba Yetu nzima kufa.

Niliipeleka kibandani. Nilianza vizuri, nawaambia msije mkadhani nilikuwa mjinga mtupu. Sikuiwasha. Nikavuta betri, nikavuta diski, nikainamisha maji yatoke. Hapo ningeacha ningekuwa bingwa. Lakini mtoto wa Kashikishi anazaliwa akijua jambo moja: kitu chenye maji kinachotaka kuoza, unakitia chumvi. Chumvi inavuta maji. Nani atabisha? Jirani alikuwa na gunia la chumvi ya mawe. Nikaizika laptopu humo yote, wazi, kifuniko kimeachama, na diski nikaizika kwenye kopo lake peke yake. Nikamwambia Mwalimu kwa sauti ya daktari, "Kesho asubuhi itakuwa kavu." Nikala nikashiba.

Asubuhi Mama Kibwe akaja. Alianza kuongea akiwa sokoni, alipofika mlangoni alikuwa amemaliza salamu zote na kuanza maulizo.

"Iko wapi mashine?"

"Inakauka, mama." Nikamwonyesha gunia.

Akatia mkono. Akatoa konzi ya chumvi, akaitazama, akanitazama mimi.

"We, papa fundi! Nani alikuambia kama kompyuta iko samaki?"

"Chumvi inavuta maji, mama."

"Inavuta mayi, ee. Na chuma?" Akachomoa kisu chake kiunoni. Makali yake yalikuwa yameliwa vipande vipande kama jani lililopitiwa na viwavi. "Ona. Chumvi njo ilikula hii, miaka mbili tu. Ile mashine iko na chuma, ao iko na miiba?"

Nikaitoa. Chumvi ilikuwa imelowana, imekuwa uji, imejipenyeza kila tundu, na kwenye shaba ya saketi tayari palianza kuota ukungu wa kijani. Maji ya ziwa yangekauka na kuiacha. Mimi niliikaribisha kutu nyumbani, nikaitandikia kitanda. Na ndani ya lile kopo la chumvi palikuwa na mahali anapolala mtoto wa mtu. Niliona haya, vijana wangu, haya ambayo hata kofi la Ba Katongo halikuwahi kunitia.

Mama Kibwe hakunitukana. Ningependa angenitukana. Aliuliza tu, "Samaki ikizidi chumvi, unafanya nini?"

"Unailoweka kwenye maji safi."

"Bon, ni vile."

"Awe, hapana mama! Kompyuta imezama, tuitie maji tena? Hiyo ni kumzamisha maiti."

"Kama iko maiti, unaogopa nini? Leta mayi. Hapana ya ziwa, iko na matope."

Nilikuwa na pipa la maji ya mvua, ya kuongezea betri za magari. Nikachora umbo kwenye boksi, nikafungua, skrubu zaidi ya arobaini, zote zikachomekwa mahali pake. Mama Kibwe alisimama juu yangu akitoa amri. "Fungula mugongo. Tosha matumbo. Kila kintu peke yake." Hivyo ndivyo anavyopasuliwa samaki mkubwa, kwa mgongo, na nawaapia, hivyo ndivyo ilivyofunguka laptopu ile, kana kwamba aliyeiunda alilelewa Pweto. Tukasuuza mbao za saketi kwa mswaki na maji ya mvua, mara tatu, mpaka yeye alipoonja maji ya mwisho kwa ulimi na kutema. "Hakuna tena chumvi."

Niliposogeza vitu juani alinipiga kikonzi. Jua kali linakausha ngozi, ndani maji yanabaki. Samaki wa namna hiyo unamuuza Jumatatu, Jumatano mteja anarudi na ndugu zake. Tukatandika mkeka kivulini, upande unaopata upepo wa ziwa, tukapanga vipande kwa safu kama chisense, wale samaki wadogo. Akawa anavigeuza kimoja kimoja. Siku mbili nzima. Kila nilichofundishwa baadaye kuhusu mashine zilizolowa, na wataalamu wenye vyeti ukutani, nimekuta Mama Kibwe alishafika: usiwashe, suuza kwa maji safi, kausha kivulini penye upepo, usiwe na haraka.

Alikuwa akifukuza kuku na paka, akiwapigia kelele wapita njia wasitimue vumbi. Alhamisi alasiri akanyamaza. Nikageuka kuona kama ameondoka. Alikuwa ameshika kibodi mkononi, anaipangusa kwa pembe ya kitenge.

"Nilikuwa namushika mukono," akasema, kwa sauti ya kawaida ya watu wengine. "Batu balisukuma. Nikaachilia. Ni miye niliachilia, papa, hapana yeye."

Nilitaka kumwambia kitu. Nikasema tutapanga skrubu vizuri. Ndicho nilichokuwa nacho.

Ijumaa asubuhi akakagua. Aliinua kila kipande, akakitikisa karibu na sikio, akakigonga kwa ukucha. Samaki mkavu analia, mbichi ananyamaza, ndivyo alivyosema. Kipande kimoja, cha umeme, akakirudisha mkekani. "Hii haiyakauka." Mimi niliona kikavu kabisa. Nikakichungulia kwa chini, na chini ya koili palikuwa na tone la maji. Tukakingoja mpaka saa sita. Kama ningeiwasha asubuhi ile, mngekuwa hamna cha kusoma hapa.

Nikafunga. Boksi likabaki tupu, hakuna skrubu hata moja, Ba Katongo alale salama. Nikaunga betri ya gari. Skrini ikawaka, na doa kubwa la maji katikati. Lakini diski kimya. Hakuna mngurumo, hakuna kitu. Mwalimu, aliyekuwa amekuja kuangalia, akakaa chini.

Diski za zamani zilikuwa na tabia ya kunata, zinakaa siku kadhaa zinakataa kuzunguka kama mzee anayekataa kuinuka kitini. Dawa yake haikuandikwa kitabuni. Nikafungua skrubu moja, moja tu, nikavuta droo, nikaishika diski kiganjani na kuzungusha kifundo cha mkono kwa ghafla, fya, kama unayegeuza ufunguo mgumu. Nikairudisha.

Kr. Kr-kr. Halafu mngurumo.

"Iko inapona ao iko inakufa?" Mama Kibwe akauliza.

"Yote mawili, mama. Mwalimu, fanya haraka!"

Mwalimu alitafuta. Furaha wa kwanza alikuwa mtoto wa miaka sita. Wa pili alikuwa bibi kizee. Wa tatu Mwalimu alimsoma taratibu, kidole kwenye doa la maji, kwa sauti ya darasani.

"Furaha, miaka kumi na saba. Alitoka Pweto. Analala kisiwa ya Kilwa, hapa mu ziwa, kwa mutengenezaji wa nyavu. Alikuja hapa na ule mutengenezaji kuuza, akarudia." Akameza mate. "Anatafuta mama yake, Mama Kibwe, anauzishaka samaki. Alama ya kumujulia…"

"Alama gani?"

Mwalimu alisita. Mtu wa adabu. "Anasema: 'Sauti. Mutamusikia mbele ya kumuona.'"

"Ule mutoto," Mama Kibwe akasema, "haina heshima!" Halafu akacheka, halafu kicheko kikavunjika akalia, tena kwa sauti yake yote, mpaka kuku wa jirani wakaruka ua. Mimi pia nililia, na kama mmoja wenu atanitania kwa hilo, ajue simtengenezei tena kitu.

Aliondoka palepale na boti ya alasiri ya Kilwa. Kwenye lori la Jumamosi nafasi yake ilibaki wazi.

Mwalimu aliporudi kwao aliniachia mashine. Ni lile tofali la kwanza kushoto kwenye rafu. Linawaka mpaka leo, na likipata joto linanuka samaki, na kitufe cha nafasi kinasaga chumvi kidogo. Majina yamo yote. Wengine mbele yao Mwalimu aliandika "amepatikana", wengine hakuandika kitu, na kwa ajili ya hao silitupi wala silitumii kujengea choo. Mashine zenu sizichukii. Nasikitika tu kwamba zikizama hakuna mama atakayezipasua mgongo akaziokoa.

Furaha alikuja kibandani wiki iliyofuata, kumwona mtu aliyetia kompyuta chumvi. Akacheka vya kutosha, halafu akanisimulia. Jioni ile alikuwa ufuoni Kilwa anaosha sahani za mwenyeji wake. Akasikia jina lake linatoka majini, mara moja, mara ya pili. Aliangalia, akaona boti iko mbali bado, haionyeshi hata ina watu wangapi. Akaziacha sahani ziende na mawimbi, akaingia majini kumlaki mama yake.